Maziwa ya Ng'ombe Aliyechomwa Sindano

Presha ilinianza nikiwa mjamzito, nikajifungua, yenyewe ikabaki. Daktari wa hapa Bariadi, kijana mpole mwenye haraka, aliniuliza kwanza kama nanyonyesha ndipo akanichagulia dawa. "Hii haimdhuru mtoto," alisema. "Wewe meza kila siku, mama, na umnyonyeshe mpaka mchoke wenyewe." Nikameza, nikanyonyesha. Mwanangu akaota meno, akatembea, akaanza kunifuata mpaka kwenye cherehani yangu sokoni na kunipandisha blauzi mbele ya wateja. Wateja wangu ni wanawake, walicheka tu, nami nikawa nashona kwa mkono mmoja.

Mambo yaliharibika mama mkwe alipokuja kutoka kijijini kwake, upande wa Lagangabilili. Alisema amekuja kumtazama mjukuu. Mwanamke yule hajawahi kutazama kitu asione kasoro. Siku ya pili alinikuta nameza kidonge huku mtoto yuko kifuani, akanyamaza. Ukimwona mama mkwe wangu amenyamaza, jua anatafuta pa kusemea. Alingoja mwanawe arudi kutoka kazini na kukaa kula.

"Ng'ombe akichomwa sindano, bwana mifugo anatuambia tumwage maziwa yake," alianza. "Sasa huyu anakula dawa kila siku, na mtoto ananyonya. Ninyi mliosoma mnaonaje?"

Nilidhani mume wangu atacheka. Mtu ana diploma, anakaa ofisini, anavaa kitambulisho shingoni hata akienda gengeni kununua vitunguu. Badala ya kucheka akaliacha tonge hewani, akanitazama kifua kama mtu anayekagua pampu mbovu.

"Mama ana pointi," akasema.

Ana pointi! Nikamwambia kesho twende wote kliniki, amuulize daktari kwa mdomo wake. Akasema ana kikao. Mume wangu hana kikao siku ya mpira, ila palipo na jambo la kujifunza, kikao hakikosi.

Nikamgeukia mama mkwe, nikamweleza taratibu kwamba dawa za watu si zile za ng'ombe, na kwamba hata za watu hazifanani, ndiyo maana daktari aliniuliza kabla ya kuandika. Alinisikiliza huku akichokonoa meno kwa njiti.

"Wewe mayu bado mtoto," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mimi nimekamua tangu hujazaliwa."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Kukamua ng'ombe kumempa shahada ya matiti ya watu.

Walitaka niache kimoja, ama vidonge ama kunyonyesha. Kuacha vidonge nilikataa. Shangazi yangu kule Lalago aliacha dawa alipojisikia nafuu, akapooza upande mmoja, na hadi leo analishwa uji kwa kijiko. Kuacha kunyonyesha nako nilikataa, kwa sababu hapakuwa na sababu. Nilifikiri nikikataa, yamekwisha.

Huku kwetu mtoto anayeng'ang'ania ziwa hupelekwa kwa bibi mpaka asahau. Ni desturi, wala siichukii, kwetu tumekua hivyo wengi. Lakini anayeamua ni mama, tena ndiye anayemfungia mtoto nguo zake. Mimi nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyumba kimya, na baba mtu amejinyoosha kwenye kochi.

"Mama kaondoka naye. Ni mapumziko kidogo tu."

"Mapumziko ya nani?"

Akaongeza sauti ya televisheni.

Simu ya mama mkwe ilikuwa imezimwa. Mume wangu alidai hajui kama wamefikia kijijini au kwa dada yake Dutwa, nami najua alijua, maana alishindwa hata kunitazama usoni. Nikaanzia Dutwa. Wifi yangu akanipa chai na michembe ya viazi vitamu, akanieleza habari za bei ya pamba, na nilipokwisha kunywa ndipo akasema hawajafika. Nikarudi Bariadi matiti yamekuwa mawe. Nilijifungia nyuma ya pazia la kibanda changu, nikayakamulia kwenye bakuli na kumwaga mtaroni, asubuhi na jioni, yasije yakakauka kabla sijampata. Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko maumivu, na kidonge changu nikakimeza vilevile, maana sikutaka kuwapa faida ya kunizika.

Nilifika kijijini kwa bodaboda. Nikapiga goti kama mkwe anavyotakiwa. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia kwa furaha kama vile nimekuja kumshukuru. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngozi kivulini, ana kikombe cha maziwa, mdomo mweupe mpaka puani. Mita chache kutoka kwake alisimama ng'ombe aliyefungwa peke yake nje ya zizi, amevimba kiwele upande mmoja.

"Huyu anaumwa?" nikauliza.

"Kachomwa sindano jana. Anaendelea vizuri."

"Na maziwa anayokunywa mtoto?"

Hakuona hata aibu. "Ya huyohuyo, lakini tumeyachemsha."

Nyani haoni kundule. Nilikichukua kile kikombe nikakimwaga pale uani, akapiga kelele kwamba hakuna mtu anayemwaga maziwa kwenye kaya yake. Maneno ya bwana mifugo yalitosha kuninyang'anya mtoto, lakini hayakutosha kumzuia yeye kukamua. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau bibi yule, na magoti yangu bado yana vumbi la kumwamkia.

Mtoto alikuwa amenikumbatia miguu. Nikakaa kwenye kigoda, nikampakata, nikapandisha blauzi. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Alitazama, akaanza kuinama, kisha akajirudisha nyuma na kunitazama usoni kwa huruma.

"Dudu," akasema.

Akaivuta blauzi yangu chini kwa mikono yote miwili, akanifunika.

Bibi yake alicheka hadi akafuta machozi. Akanieleza alivyomfundisha, kwamba kila akilia kutaka nyonyo alimwambia kuna dudu ndani ya mama, linauma. Eti siku mbili tu zilitosha. "Ana akili huyu," akasema.

Nilimbeba tukaondoka. Kwenye bodaboda alilala kifuani kwangu. Maziwa yakalowesha blauzi mpaka shavuni kwake, naye usingizini akajipangusa na kugeuzia uso upande wa pili. Nilijaribu tena nyumbani kwa dereva tulipopumzika, na kesho yake, na juma zima lililofuata. Kila mara alinifunika.

Baba yake alitupokea mlangoni siku ile tuliporudi, kitambulisho shingoni.

"Ameacha?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akatabasamu, akanishika bega. "Afadhali. Sasa utameza dawa zako kwa amani."

Nilimkabidhi mtoto, nikaingia ndani kubadili blauzi.