Nyuma ya Kompyuta ya Baba

Kompyuta ya baba ilikuwa ya mezani, kuukuu, iliyotolewa ofisini kwangu Same mjini baada ya kuletwa mpya. Niliipandisha hadi kijijini kwetu Mhezi, milimani, imeviringishwa kwa blanketi. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, mgane anayeishi peke yake, na kanisa lilimpa kazi ya kuchapa matangazo ya Jumapili.

Nilimfundisha upande wa mbele: kitufe kikubwa cha kuwashia, kidogo cha kuanzisha upya ambacho nilimkataza kukigusa, taa ya umeme, na nyingine ndogo inayopepesa kompyuta ikiwa kazini. Skrini nayo ilikuwa na taa yake: kijani ikipata picha, njano isipopata. Alinisikiliza kama mkaguzi wa shule, kisha akageuza kisanduku cha kompyuta atazame nyuma.

Kwetu milimani, radi zikianza, kioo cha kujitazamia hugeuzwa kielekee ukutani na vitu vya umeme huchomolewa. Baba hakuona kwa nini kompyuta isamehewe. Alichomoa nyaya zote, si ule wa ukutani tu, na skrini akaigeuza ielekee ukuta. Nilimweleza kwamba ile si kioo. Akasema nikaieleze radi.

Kwa mtindo huo, masika hayajaisha alishaujua upande wa nyuma kuliko mimi. Matundu bapa ni ya flashi. La mraba, la waya wa intaneti, halikuwa na kazi kwake. La skrini lina skrubu mbili, ambazo hakuzikaza kwa kuwa mvua ingerudi tu. Yale mawili ya duara yalimsumbua, maana kwa kuyapapasa ni yale yale. La kijani ni la mausi, la zambarau la kibodi. Akakariri: mausi juu, kibodi chini.

Daktari alipotuambia kwamba ni presha ya macho na kilichopotea hakitarudi, nilitaka ahamie kwangu mjini siku ile ile. Alikataa. Same kuna joto, alisema, na huko angekuwa mgeni wa kukaa tu kwenye kochi. Tulibishana mpaka tukafikia makubaliano: atabaki Mhezi maadamu anaziona taa za kompyuta yake. Akishindwa, atashuka bila maneno. Nilikubali kwa hasira.

Kila nilipopanda nilimkuta ameinama nyuma ya kisanduku, anarudishia nyaya, hakosei hata mmoja. Nilirudi mjini nimeridhika. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa napima vidole vyake, si macho.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya radi, nilimkuta kwenye kazi hiyo hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo, usinichanganye."

Akabonyeza kitufe. Feni ikaanza kuunguruma. Akaielekea skrini na kusubiri kidogo.

"Haya, imewaka," akasema. "Kijani."

Ilikuwa njano. Waya wa skrini haukuwa umeingia vizuri, na skrini ilikuwa nyeusi tii. Baba akavuta kiti. Kompyuta niliiwekea ijifungue yenyewe kwenye ukurasa wa kuchapia, basi akaweka vidole kwenye kibodi na kuanza kuchapa, akijisomea kwa sauti ya chini kwamba akina mama wa kwaya wakutane baada ya ibada. Alichapa hivyo mbele ya giza, uso umetulia kabisa. Nilimwonea huruma, na nilitamani nisingekuwa nimepanda siku ile.

Nikainuka, nikazunguka meza polepole, nikausukuma waya. Taa ikageuka kijani na maneno yake yakatokea yote. Hayakuwa na kosa.

Vidole vyake vikasimama.

"Umechomeka nini?"

"Waya wa skrini, baba. Ulikuwa umelegea."

"Kwa hiyo ilikuwa njano."

Aliviacha viganja juu ya kibodi, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu. Nje maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye migomba. Niliwaza niseme kwamba hata mimi sikuiona vizuri, lakini baba hakuwa mtu wa kudanganywa hivyo, na wala hakunipa nafasi.

"Ngoja nimalize hili la kwaya," akasema, "halafu unisaidie kufungasha nguo."