Silinda Nne Zilizolala

Ifahamike kwa wote wanaohusika kwamba injini ya gari la aina hii, ikiwa imeundwa kwa utaalamu wa hali ya juu, hutumia oili; kwamba kupungua kwa lita moja katika kila kilomita elfu tatu na mia mbili ni jambo la kawaida lisilohitaji matengenezo; na kwamba upungufu wowote unaozidi hapo, pasipo dalili ya kuvuja wala moshi, utafutiwe sababu zake nje ya injini.

Hivyo ndivyo ilivyosema barua ya wakala wa magari wa Mombasa, na hivyo ndivyo meneja Lewis alivyoisoma, kwa sauti ya kanisani, mbele ya dereva wake Twaiba, asubuhi ya Jumatatu katika ua wa ofisi pale Ukunda. Alipofika kwenye maneno "nje ya injini" aliinua macho, akamtazama. Nje ya injini, pale uani, palikuwa na paka, tangi tupu la maji, na Twaiba.

Twaiba alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na mitatu, mzaliwa wa Msambweni, na kati ya hiyo kumi na minane alikuwa ameimaliza nyuma ya usukani. Mingi yake aliendesha magari ya hoteli moja ya Diani, kupokea wageni na kuwarudisha. Mkuu wa madereva wa hoteli ile alikuwa na mtindo wake wa kufundisha: aliweka bilauri ya maji juu ya dashibodi, akaijaza hadi ukingoni, na dereva atakayemwaga hata tone aliosha magari yote ya hoteli siku ile. Twaiba hakuwahi kuosha gari lisilokuwa lake. Wageni walipoadimika na hoteli ikapunguza watu, alichukuliwa na shirika linalotengeneza pampu za maji vijijini, akawa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa funguo za gari lake. Wazee wawili wa kamati ya shirika walisema wazi kuwa wao watangoja waone. Sasa ulikuwa mwaka wa nne, na walikuwa bado wanangoja, kwa subira ya kupigiwa mfano.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi ya wafadhili wa ng'ambo: pikapu kubwa kama chumba cha kupangisha, usukani umehamishwa kutoka kushoto kuja kulia, injini ya petroli yenye silinda nane. Ajabu yake ilikuwa hii. Likibeba mzigo au likipanda mlima, silinda zote nane zilifanya kazi. Likiwa jepesi kwenye barabara tambarare, nne zilijizima zenyewe, nne zikaendelea, ili kuokoa petroli. Na taa ndogo ya kijani ikawaka mbele ya dereva kumpongeza. Aliyekuja kulikabidhi alieleza kuwa ni sawa na ofisi ambayo kazi ikipungua, nusu ya wafanyakazi husinzia. Twaiba, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi kadhaa, hakuona ajabu.

Lewis alibandika tangazo ukutani: madereva wote wahakikishe taa ya kijani inawaka kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kwa Twaiba tangazo hilo halikuwa na haja. Wiki yake ilikuwa ya njia ya pwani, Ukunda, Gazi, Msambweni na kuendelea, lami tupu, na mguu wake juu ya mafuta ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Taa iliwaka kutoka kituo cha petroli hadi kituo cha petroli. Wiki iliyofuata gari lilikuwa la Randu, dereva wa pili, ambaye zamu yake ilikuwa ya Mkongani na vilima vyake. Randu alikuwa mtu mwema, mcheshi, na alikuwa akikanyaga mafuta kama anayeua nge. Taa ile hakuijua hata rangi yake.

Kosa la Twaiba, kama lilikuwa kosa, ni kwamba alipima oili kila asubuhi. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akaandika. Randu alifungua boneti pale tu kitu kilipochemka. Kwa hiyo aliyegundua kuwa gari linakula oili alikuwa Twaiba, aliyetoa taarifa alikuwa Twaiba, na Lewis alipoamuru kijiti kipimwe mbele ya mashahidi kila Jumatatu funguo zinapobadilisha mikono, aliyefurahi alikuwa Twaiba.

Baada ya wiki nane daftari lilisema hivi: kila wiki ya Twaiba, lita moja na nusu imekwenda; kila wiki ya Randu, hata alama ya kijiti haikusogea vizuri. Chini ya gari hapakuwa na tone. Moshi hakuna aliyeuona. Na sasa barua ilikuwa imefika.

"Madam Twaiba," Lewis alisema akiikunja, "mimi sijasema umeiba. Mimi nasema oili inapungua ukiwa wewe."

"Na ikipungua nikiwa mimi, inakwenda wapi?"

"Hiyo ndiyo tunangoja utuambie."

Akamkumbusha kuwa mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi ujao, na kuwa ofisi haiwezi kumwandikia mwingine huku faili iko wazi. Alisema hivyo bila ubaya. Lewis alikuwa mtu wa bara mwenye heshima zake; shida yake ni kwamba aliamini kila karatasi yenye muhuri.

Habari ilimtangulia Twaiba kufika nyumbani Msambweni. Jioni ileile shemeji yake alimuuliza kama angeweza kumpatia oili ya bei ya kirafiki, pikipiki yake imekauka. Aliuliza kwa wema kabisa, na wema huo ndio uliomchoma Twaiba. Mtu angemtukana angejua la kujibu.

Randu ndiye aliyeitaja Halbadiri. Aliitaja kwa mzaha, mdomo umejaa mahamri: basi isomwe, aliyechukua avimbe tumbo tumjue. Lakini mzaha wa namna hiyo, huku pwani, ukishatoka hauna pa kurudi. Ulimfikia mwenyekiti wa kamati, naye akauona ni shauri zuri. Lewis ilibidi aelezwe kuwa ni dua inayosomwa kwa ajili ya kitu kilichoibwa, na kuwa aliyekichukua hupatwa na jambo mpaka akirudishe. Akauliza kama itachukua muda mrefu, na kama shirika litatakiwa kuandaa chakula.

Twaiba alipoulizwa hakusita. "Isomwe," alisema. "Ubani nitaleta mimi."

Ikasomwa Alhamisi baada ya laasiri, uani hapohapo, gari limeegeshwa katikati kama mgonjwa. Ubani ukafuka, tende zikaliwa, watu wakatawanyika, na kuanzia siku ile kila mtu ofisini akawa anatazama tumbo la mwenzake. Jumamosi Lewis aliharisha. Habari hizo zilisisimua Ukunda nzima kwa siku mbili, mpaka ilipojulikana kuwa alikuwa amealikwa Diani akala chaza. Randu hakupata hata kikohozi. Twaiba alilala vizuri kuliko alivyolala kwa miezi miwili.

Siku ya kumi na moja aliyepatwa akajulikana. Alikuwa ni gari.

Lilianza kutetemeka kidogo tu baada ya njia panda ya Gazi, likakohoa, likawa linakwenda kwa kuchechemea kama lililoteguka mguu. Twaiba alilibembeleza hadi Ukunda na kuliingiza katika gereji ya fundi Suleiman, mzee aliyetumia nusu ya maisha yake ndani ya injini za maboti na asiyeshangazwa na kitu chochote kinachozunguka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea nyumba."

Alichomoa plagi zote nane akazipanga juu ya gazeti kwa utaratibu zilivyokaa. Kisha akachukua miwani. Plagi nne zilikuwa kavu, rangi ya biskuti, safi kama za dukani. Nne nyingine zilikuwa nyeusi, zimelowa, zimeganda masizi ya oili: ya kwanza, ya nne, ya sita na ya saba. Suleiman akamuuliza kama kwenye gari hili kuna silinda zinazojizima. Twaiba akasema zipo nne. Akauliza ni zipi. Twaiba akatoa kitabu cha gari kwenye droo, akafungua ukurasa, akasoma: ya kwanza, ya nne, ya sita na ya saba.

"Basi mwizi wenu huyu hapa," Suleiman alisema. "Silinda ikilala, valvu zake zinafungwa kabisa. Lakini pistoni haikuambiwa ilale. Inapanda na kushuka mle ndani, patupu. Ule utupu unavuta. Utavuta nini, na hewa haina pa kuingilia? Unavuta oili kutoka chini, inapenya kando ya ringi. Silinda ikiamka, inaiunguza."

"Na moshi mbona hatuuoni?"

"Hutoka pumzi moja inapoamka, basi. Nao uko nyuma yako. Wewe unatazama mbele."

"Randu je?"

"Randu haipi silinda yoyote usingizi."

Twaiba alikaa juu ya tairi bovu. Alikuwa akiwazia ile bilauri. Miaka kumi na minane hakumwaga tone. Na kadiri alivyoendesha vizuri ndivyo zile nne zilivyolala zaidi, na kadiri zilivyolala ndivyo zilivyokunywa. Taa ya kijani iliyokuwa ikimpongeza kutoka Ukunda hadi Msambweni ilikuwa ikimtangaza mwizi kwa kila kilomita.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuendesha vizuri," alisema.

"Kosa lako ni kuliendesha vile walivyoandika liendeshwe." Suleiman alikuwa tayari anasugua plagi kwa brashi ya waya. "Hizi nakuwekea mpya. Ukitaka zisilale, liweke gia ya chini, lisipate raha."

Wiki iliyofuata ya zamu yake Twaiba aliliendesha gari lile kwa gia ya chini njia nzima, injini ikilalamika, abiria wakimtazama kwa pembe ya jicho. Mhandisi mmoja wa pampu alimuuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Taa ya kijani haikuwaka hata mara moja. Jumatatu kijiti kilichomolewa mbele ya mashahidi, na oili ilikuwa palepale.

Jumanne alipata barua ya onyo. Matumizi ya petroli katika wiki yake yalikuwa yamepanda kupita kiasi, kinyume na tangazo lililobandikwa ukutani.

Alikwenda nayo ofisini mwa Lewis akaiweka mezani, na juu yake akaweka zile plagi nne nyeusi moja baada ya nyingine. Akamweleza yote, taratibu, tangu silinda ya kwanza hadi ya saba. Lewis alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaziinua plagi zisichafue barua, akauliza fundi Suleiman ana cheti gani.

"Ana miaka arubaini gerejini."

"Madam, hiyo si cheti."

Hata hivyo hakuwa mtu wa kudhulumu. Aliandika tena kwa wakala, akaambatisha picha za plagi, akaomba mtaalamu. Mtaalamu ndiye atakayeamua, alimwambia Twaiba. Akisema ni injini, faili inafungwa na mkataba anauandika siku hiyohiyo. Akisema si injini, basi watakuwa hawana la kuzungumza zaidi. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi kwisha.

Mtaalamu alifika Alhamisi, katika pikapu ya aina ileile, nyeupe, yenye nembo ya wakala mlangoni. Jina lake Rai, bwana mmoja mpole mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Aliunganisha kompyuta yake, akasikiliza injini, akachungulia chini, akapiga picha kijiti. Twaiba alimwonyesha plagi nne. Alizitazama kwa adabu na kusema zipo ndani ya kiwango kinachotarajiwa. Twaiba akamuuliza ni nani anayekitarajia. Akasema ni kiwanda.

Kisha akajaza fomu juu ya boneti: injini haina hitilafu, matumizi ya kawaida, upungufu uliozidi utafutiwe sababu zake nje ya injini. Akatia sahihi, akapiga muhuri aliokuja nao mfukoni. Lewis aliipokea, akaisoma mara mbili, na bila kuinua macho akamwomba Twaiba apite ofisini saa sita kwa mazungumzo. Akaondoka nayo kuelekea mlangoni. Twaiba alibaki amesimama na kitambaa chake cha kijiti, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Rai alikwenda kwenye gari lake. Hakuingia. Alifungua boneti, akazunguka nyuma, akarudi na madumu mawili ya oili chini ya kwapa.

"Dada, samahani," alisema. "Huna kitu cha kumiminia?"

Twaiba alikuwa nacho: chupa ya soda iliyokatwa kitako, aliyoitumia yeye mwenyewe. Akampa. Rai akaipachika na kuanza kumimina kwa uangalifu mkubwa. Lewis, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, alisimama. Dumu la kwanza likakauka. Rai akafungua la pili.

"Umetoka Mombasa leo?" Twaiba aliuliza.

"Leo asubuhi."

"Jana ulitia oili?"

"Jana hapana," alisema Rai, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Juzi."

Rai alimaliza, akafuta mikono, akawaaga wote kwa heshima, akaondoka polepole, kama mtu aliyefundishwa kutunza petroli. Gari lake lilipotoka langoni na kukanyagwa mafuta kuingia barabarani, nyuma yake ilitoka pumzi moja ya moshi wa buluu.

Lewis aliingia ndani. Alikaa kama dakika kumi. Saa sita haijafika alitoka na mkataba wa miaka miwili, akautandika juu ya boneti, akamwonyesha Twaiba mahali pa kuweka sahihi, na hakuwa na mazungumzo. Barua ya onyo alisema ipotee. Tangazo la taa ya kijani lilikwenda nayo. Ripoti ya mtaalamu ilibaki ndani ya faili, kwa kuwa ilikuwa na muhuri.

Alasiri simu ya ofisi ililia. Alikuwa Rai, yuko Dongo Kundu, njiani kurudi Mombasa, anaomba radhi: ameondoka na ile chupa ya dada. Aliuliza kama anaweza kukaa nayo.