Redio Iliyokuwa Ikikatika Baada ya Daraja

Mwanangu Hemedi, ipo siku moja ambayo hata leo nikishika bisibisi huwa inanijia, na nimeona nikuandikie kabla hujafika huku. Usicheke kwamba baba yako mdogo naye amekuwa mtoa nasaha. Ndevu zangu bado zahesabika, najua, na mama yako husema kichwa changu kina ndoto nyingi kuliko nywele. Lakini baba yako ametangulia mbele ya haki, babu zako nao wamelala wote, kwa hiyo katika ukoo wetu mzee nimebaki mimi, nifae nisifae. Nivumilie basi.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka Mahege na begi moja na elimu yangu ya darasa la saba, nikapokelewa hapa Kibiti na Fundi Chande, aliyekuwa akitengeneza redio za magari kando ya barabara iendayo kusini. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati matatu na meza iliyoungua hapa na pale kwa pasi ya kulehemu. Mimi sikukiona hivyo. Nilikiona kina milango ya vioo, taa nyekundu zinaandika jina langu, na magari yamepanga foleni hadi kituo cha mafuta. Jioni nilirudi chumba cha kupanga ambako hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimeshindaje. Wapangaji wenzangu walisalimia wakapita. Ndiyo maana niliupenda ule ufundi kupita kiasi. Ukiniletea redio bubu, nilikaa nayo mpaka iseme, maana ikisema nami nilijiona nimepata mwenzangu.

Asubuhi moja akaja Mzee Ngwele. Alikuwa mkulima wa mpunga, nyumba yake hapa Kibiti, shamba lake Mohoro, na kila Jumatano alikwenda shambani. Gari lake la zamani, dogo jeupe, lilikuwa limezamishwa na maji mto ulipopanda. Maji yalifika kwenye viti, injini ikafa, lakini redio iliyokuwa juu ikapona. Watoto wake walioko Dar walikuwa wamemnunulia pikapu iliyotumika, ya kampuni nyingine kabisa, na ndani ya boksi wakamwekea redio mpya yenye kioo na taa za buluu. Mzee aliacha boksi nyumbani. Alikuja na ile redio ya zamani, ile iliyotoka kiwandani na gari lake, ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Niwekee hii, mjukuu wangu," akasema.

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba redio ya gari moja kuingia gari la kampuni nyingine si kazi ya kuchomeka tu, soketi hazifanani, tundu la dashibodi halifanani, na kwamba ile mpya ingekuwa rahisi na ingesikika vizuri zaidi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema tena, polepole, niwekee hii hii. Hapo ndipo ningeuliza, mwanangu. Neno moja tu, kwa nini. Sikuuliza. Nilishaanza kuona jinsi nitakavyomshangaza.

Na kazi niliifanya, sitajisifu wala sitajidharau. Rangi za nyaya haziaminiki. Kwenye gari moja wa kahawia ndio hasi, kwenye jingine kahawia hiyo hiyo inakwenda spika ya mlangoni. Nikachukua balbu yangu ndogo ya kupimia, nikaugusa waya mmoja mmoja wa pikapu. Huu una moto muda wote, ndio utakaoitunzia redio stesheni zake. Huu unapata moto ufunguo ukizungushwa. Huu unawaka pamoja na taa. Soketi ya pikapu sikuikata, niliunga kipande kifupi cha nyaya katikati ili kila upande ubaki na soketi yake. Tundu lilikuwa pana kuliko redio, basi nikachonga fremu kwenye mfuniko mweusi wa ndoo, nikaipiga msasa mpaka ungedhani imetoka Japani. Fundi Chande alipita akainama, akaipapasa kwa kidole, akasema sasa nimekuwa mtu.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu kweli.

Lakini nilikuwa nimesikia madereva wakilalamika kwamba ukishavuka daraja kubwa la mto, redio hukatika, unabaki na mvumo mtupu hadi karibu na njia panda ya Mohoro. Nikamhurumia yule mzee. Nikamfikiria pale porini, peke yake, hata redio imemkimbia. Nilijua peke yake ni nini. Kwa hiyo nikamfungia kikuza mawimbi, wenyewe tunakiita busta, kwenye waya wa antena, tena bila kumwambia, ili akifika kule ashangae. Fundi Chande alipokiona alitikisa kichwa. "Wewe ukitumwa kuweka balbu utaweka jua," akasema. Nikacheka. Niliona ni sifa.

Jumatano iliyofuata mzee alikwenda Mohoro. Alhamisi akarudi kibandani. Akasema redio haiko sawa. Nikaiwasha, inaimba safi. Akasema labda sauti imekuwa kubwa mno. Nikapunguza besi, akashukuru akaenda. Juma la pili akarudi tena, safari hii akasema labda imewekwa juu sana, mkono haufiki vizuri. Nikaishusha kidogo. Juma la tatu alikuja akakaa kwenye benchi na hakusema chochote kuhusu redio. Aliuliza habari za wazee wangu Mahege, akauliza mpunga wa kule umekwendaje. Fundi Chande akanivuta pembeni akaniambia mteja akirudi mara tatu na ugonjwa hauonekani, basi ugonjwa uko barabarani. Niende naye Jumatano, nikausikilize unakotokea.

Tukaondoka asubuhi. Nilikaa kiti cha kushoto, begi la vifaa miguuni. Mpaka Ikwiriri tulisikiliza mashairi, habari za masoko, na matangazo ya sabuni. Tukavuka daraja, maji chini yamejaa rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili msitu ukaanza, na mimi nikaanza kujiandaa kupongezwa, maana mtangazaji aliendelea kuongea kama vile amekaa kati yetu.

Mzee akapunguza mwendo. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye redio, ukaigusa, ukarudi kwenye usukani.

"Hapa ndipo ilipokuwa ikikatika," akasema.

"Sasa haikatiki tena, babu. Nilikuwekea busta."

Akaendesha kidogo. Kisha akaegesha pembeni, akazima injini, akaacha redio ikiongea. Akanieleza akitazama mbele, na mimi nakuelezea nawe kama nilivyosikia.

Mkewe, Bi Sauda, alikuwa mpenzi wa redio. Wakitoka Kibiti huruhusiwi kusema neno, ukifungua mdomo anakunyamazisha kwa kiganja. Lakini wakishavuka daraja, wakifika pale, redio inakatika. Ndipo anamgeukia. Kutoka pale hadi njia panda ya Mohoro ni mazungumzo. Mtoto gani aende shule ipi, nani kaja kuposa na ana tabia gani, shamba la chini lilimwe au lilale. Mambo ya nyumba yao yote yaliamuliwa kwenye kile kipande cha barabara. Walikuwa na kitanda na walikuwa na ukumbi, lakini mahali pao pa kuongea palikuwa pale. Sasa Bi Sauda alikuwa na miaka miwili kaburini.

"Kila Jumatano ikikatika, mie huwa nageuza uso kushoto," akasema. "Najua hayupo. Sijarukwa na akili. Lakini nilikuwa nageuka."

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, kwamba angeweza kuizima akifika pale.

"Nimejaribu. Nikiizima mwenyewe nasikia kimya changu tu. Ikikatika yenyewe, ile ilikuwa zamu yake."

Mtangazaji alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji, fulani anamsalimu fulani na wote wanaomfahamu.

Ndipo mzee akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Kazi umefanya nzuri, fundi. Watu wamenisifia hiyo fremu. Lakini uliuuliza kila waya kazi yake nini, mmoja mmoja. Mimi hukuniuliza."

Mwanangu, nilishuka mle garini nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Halafu nikarudi, nikalala chini ya dashibodi, nikafungua busta nikaing'oa. Nikainuka kusikiliza. Redio ikaendelea kuongea. Dhaifu kidogo, lakini inaongea. Antena ya pikapu ilikuwa ndefu na nzuri kuliko ile ya gari lililokufa. Hapo nikaelewa jambo. Kumbe hata bila busta isingekatika. Redio tulikuwa tumeihamisha, lakini kule kukatika kulikuwa mali ya lile gari, na lile gari lilikwenda na maji. Mzee alikuwa amebeba redio ndani ya kanga akitumaini kwamba itakuja na kila kitu chake, na hakuna fundi yeyote duniani ambaye angeweza kumpa. Yeye naye akaliona usoni mwangu. Akatikisa kichwa taratibu, akawasha gari.

Tukaenda kama dakika mbili hivi. Mimi sijui nilipata wapi wazo lile. Nilipitisha mkono nyuma ya redio, nikashika plagi ya antena, nikaivuta nje. Sikumwambia. Redio ikakatika katikati ya jina la mtu, ukabaki mvumo.

Mzee Ngwele akaendelea kutazama barabara. Kisha, polepole, kwa mazoea ya miaka yote ile, akageuza uso kushoto. Akanikuta mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani nisiwe na uso. Alinitazama muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa, macho yamejaa, kisha akarudisha uso mbele.

"Naona kiti kina mtu," akasema. "Haya, sema basi. Zamu yako."

Nami, niliyekuwa na miezi sijaulizwa na mtu nimeshindaje, nikajikuta nasema. Nilimweleza chumba changu, milango yangu ya vioo, na binti mmoja wa Ruaruke ambaye nilikuwa sijathubutu hata kumsalimia. Akaniambia nimsalimie. Tukaongea hadi njia panda ya Mohoro, na pale nikairudisha plagi mahali pake.

Nilikwenda naye Jumatano nyingi baada ya ile, kila kazi iliponiruhusu. Baadaye macho yake yalififia, watoto wakamchukua Dar, pikapu ikauzwa, na huko Dar ndiko alikozikwa. Siku hizi nikipita ile barabara huwa niko peke yangu. Binti wa Ruaruke nilimsalimia, akaitikia, akaolewa na mwingine. Milango ya vioo bado sijaipata, ingawa naiona vizuri sana nikifumba macho.

Sasa nisikilize, mwanangu. Nimesikia kwamba utakuja sikukuu hii na mafundi wa ujenzi, umbomolee bibi yako jiko lake la makuti pale Mahege umjengee la matofali, lenye jiko la gesi na sinki. Una moyo mzuri, na moyo huo usiuache. Ninachokuomba ni kwamba ukifika, wale mafundi waache kwanza wanywe chai nje. Ingia mle jikoni na moshi wake, ukae kwenye kigoda, uulize. Muulize nani alilijenga. Muulize nani huja kukaa naye humo jioni. Huenda atakwambia libomoe leo leo, limemuumiza kifua vya kutosha. Huenda atakwambia jambo jingine, na ukishalisikia utajua mwenyewe pa kuweka tofali la kwanza. Na kama utakuta anachokikosa ni kitu ambacho hakiwezi kurudi kwa mkono wa fundi, usikimbie kwa aibu kama mimi nilivyotaka kukimbia. Kaa. Mtu mpweke hamaliziwi upweke wake kwa kifaa, hata kiwe kizuri namna gani. Na usimpe jambo la kumshangaza kabla hujajua yeye anangojea nini.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Akupe mikono yenye ujuzi na ulimi usioona haya kuuliza. Akujaalie nyumba ambamo utaulizwa kila jioni umeshindaje, na akupe subira ya kuuliza nawe ukangoja jibu. Na yeyote utakayemtengenezea kitu hapa duniani, Mola amjaalie aseme siku moja kwamba ulikuja, ukaketi naye, ukamsikiliza. Amina.