Sura Mbaya wa Ayeyo

Nilipokuwa mtoto pale Kiwanjani, mjini Isiolo, nilitamani sana kuitwa sura mbaya. Najua ni ajabu msichana kutaka jambo kama hilo, lakini nyumbani kwetu hilo ndilo lilikuwa jina la kupendwa, na mwenye nalo alikuwa binamu yangu Hibo. Mimi niliitwa Sahra tu, kama nilivyoandikishwa shuleni.

Hibo aliletwa kwetu baada ya mama yake, shangazi yangu, kufariki. Baba yake alikuwa amepata kazi kaunti, miaka ile kaunti zilipoanza na kila mtu Isiolo akawa anatafuta mtu wa kumshika mkono aingie ofisini. Hakuwa na nafasi ya kulea msichana. Basi Hibo akaja na nywele zake mpaka kiunoni, akapewa nusu ya kitanda changu. Alikuwa mzuri, sitadanganya. Akichana nywele asubuhi, mimi niligeukia ukutani.

Ayeyo, nyanya yetu, aliamini kwamba jicho la watu lina uzito. Kitu kizuri kikisifiwa ovyo kinaharibika: ndama anaanguka, maziwa yanakatika, mtoto anashikwa na homa. Kwa hiyo anayependwa sana hasifiwi. Anatukanwa, ili jicho lipite likidhani hapo hakuna cha kutazama. Mama yangu ndiye aliyenieleza hayo siku nilipomuuliza mbona Ayeyo anamtukana yatima.

"Wewe sura mbaya, kuja kula," Ayeyo alikuwa akimwita, na sauti yenyewe imelainika kama samli iliyoachwa juani. Kila siku baada ya swala ya alasiri alitia unsi kwenye makaa, ule ubani wetu unaopikwa na sukari, akamfukiza Hibo kuanzia kichwani hadi miguuni. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa. Moshi nilioupata mimi ni ule wa kuingia machoni.

Jirani yetu alikuwa Mama Kendi, Mmeru mwenye duka, mtu wa kanisa na mwenye mdomo mwepesi. Siku moja alikuja kunywa chai kwetu, akamwona Hibo.

"Aki huyu mtoto ni mrembo! Angalia hiyo nywele!"

"Sema mashallah," Ayeyo akamkata.

"Haya, mashallah. Na huyu Sahra naye ana kichwa! Kila siku anapita mtihani."

Nilimtazama Ayeyo. Nilingoja. Ayeyo alipuliza chai yake, akanywa, akasema, "Ndiyo, hii iko na akili. Hii itafika mbali."

Hakusema mashallah. Hakumwambia Mama Kendi aseme. Alinisifu mwenyewe, waziwazi, mbele ya mgeni, kama mtu anayesifu sufuria. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na mama alipokuja kuniuliza nimepatwa na nini nilisema nyuki ameniuma.

Kisha Hibo akakohoa. Kikohozi cha kawaida cha vumbi, lakini nyumba nzima ilisimama. Ayeyo alijaza kikombe maji, na kikombe kikapita nyumba kwa nyumba ili kila aliyemwona Hibo wiki ile ateme mate kidogo ndani, halafu Hibo aoshwe kwa maji hayo, jicho limtoke. Waliombwa wote, asije mmoja akajiona ameshtakiwa. Mbebaji wa kikombe nilikuwa mimi. Mama Kendi alicheka, akatema.

"Leta tu. Lakini Yesu anajua sijamfanya kitu."

Hibo alioshwa, akapona. Nami nikaanza kuitafuta zamu yangu. Nilifumua nywele, nikaenda dukani nikamwimbia Mama Kendi majina ya kaunti zote. Akanisifu mpaka akaniongeza peremende. Sikumkumbusha mashallah. Nilirudi nyumbani nikangoja kuugua.

Niliugua kweli, mvua ziliponyesha. Meno yaligongana, kichwa kikawaka, na katika kutetemeka kule nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kumweleza mtu. "Ayeyo," nilimwambia, "ni jicho. Mama Kendi alinisifu."

Ayeyo alinigusa shingo kwa nyuma ya mkono. "Hii ni malaria," akamwambia mama. "Peleka yeye hospitali saa hii."

Na ilikuwa malaria. Walinipima damu, wakanipa dawa, nikapona. Hakuna kikombe kilichopita mtaani. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kuuonea uchungu ugonjwa wa kawaida kama mimi. Hata leo, na Ayeyo ameshatangulia mbele ya haki, nikisikia harufu ya unsi kwa mtu ninajiona nahesabiwa tena kati ya wasiohitaji kulindwa, na roho inanichoma.

Mwaka jana Hibo alikuja kututembelea. Tulikaa barazani kwa mama, nikatoa simu nimpige picha. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Toa hiyo," nikamwambia.

"Wacha, Sahra. Si unajua hii sura."

"Sura gani?"

"Hii Ayeyo alikuwa anasema kila siku." Alitabasamu, lakini hakuushusha mtandio. "Wewe ulikuwa unasifiwa mbele ya wageni. Iko na akili, itafika mbali. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia usiku, na wewe umelala hapo kando."

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuna aliyewahi kumweleza. Mimi nilikuwa na mama wa kunivuta kando akaniambia lile tusi lilikuwa na maana gani. Yeye hakuwa naye, na Ayeyo alidhani mtoto anaelewa mwenyewe. Alikua akiamini kweli ana sura mbaya. Alifukizwa kila siku, akadhani anafukizwa kwa sababu ana kasoro.

Nilimweleza yote, polepole. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo mimi si mbaya?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Hata hapo alipokaa, macho yamelowa, alikuwa mzuri kuliko mwanamke yeyote ninayemjua, na ule wivu wangu wa zamani ulikuwa macho, haujazeeka hata kidogo. Nilimshika mkono nikanyamaza. Niliogopa jicho langu lisije likampata.