Sauti Katika Nyumba ya Mfaransa

Juzi, huku ughaibuni nilikozaliwa, nilipita Coventry Road nikakuta mafundi wanakoroga chokaa kando ya barabara, ile ya zamani isiyotiwa saruji. Harufu yake, ubichi wenye ukali kidogo wa kukwaruza koo, ilinisimamisha na mifuko yangu ya sokoni mkononi. Nikawa tena na miaka sita, nimesimama jikoni katika nyumba ya Mfaransa, nasikia mtu akipumua ukutani.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Ladywood, nyuma ya maghorofa. Wazee wa mtaa walisema aliijenga mfanyabiashara wa vifungo kutoka Ufaransa, akataka ifanane na za kwao: madirisha marefu yenye vibao vya kukunja, sakafu ya mbao zilizopangwa kama mifupa ya samaki, maua ya plasta darini. Wazazi wangu, watu wa Mombasa wote wawili, waliinunua ikiwa gofu. Baba alikuwa dereva wa basi. Akitoka zamu alivua koti akashika mwiko wa kupigia plasta. Hakutaka kitu cha zamani kitupwe. "Ya kale ni dhahabu," alisema kila alipobandua rangi.

"Dhahabu haizibi upepo, Baba Salma," Mama alimjibu, akijifunga shali ya pili.

Mama hakuwa sawa mwaka ule. Majira ya joto nilipelekwa kukaa kwa shangazi yangu Small Heath, na niliporudi nikaambiwa Mama alikuwa mgonjwa, sasa amepona. Lile tumbo lake kubwa lilikuwa limekwisha. Sikuuliza, nyumbani kwetu maswali ya namna hiyo yalijibiwa kwa biskuti.

Siku moja Baba alipobandua plasta mbovu jikoni alikuta mdomo wa shaba umetokeza ukutani kama wa tarumbeta. Ulikuwa mrija wa kusemea. Mke wa Mfaransa, akiwa katika chumba cha juu kabisa, aliutumia kuagiza chai bila kushuka ngazi. Rafiki yake Baba alishauri uzibwe. Baba akakataa, akanipa mswaki mkuukuu niusugue.

Nilikuwa nausugua jioni moja ya baridi, zile ambazo giza huingia watoto wangali na sare za shule. Baba alikuwa ukumbini, nasikia mwiko wake. Mrija ukavuta pumzi. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke nisiyoitambua, ndogo, karibu sana, kana kwamba midomo yake imegusa sikio langu.

"Umelala? Lala, mwanangu. Nje baridi."

Mswaki uliniponyoka. Kilichonitisha zaidi ni lugha. Mke wa Mfaransa angesema Kifaransa. Huyu alikuwa ametusikiliza ukutani mpaka akajifunza Kiswahili chetu.

Jioni zilizofuata sauti ilirudi. Mara iliuliza kama mtoto ana njaa, mara iliimba bila maneno. Nikamwambia Baba, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu tuliozaliwa huku, kwamba kuna bibi ndani ya ukuta.

"Ni upepo," alisema bila kunitazama.

Lakini aliacha kazi akaja kusimama nami. Sauti ilipotoka, aliuweka mwiko sakafuni pamoja na chokaa yake. Halafu akainama, akaweka mdomo kwenye shaba, akasema polepole, "Mama Idi. Shuka, tunywe chai."

Sikumjua Mama Idi yeyote. Mama yangu alikuwa Mama Salma, kwa jina langu. Hata majirani walimwita hivyo. Nikawaza, kumbe Baba analijua jina la jini.

Mrija ukajibu, "Nakuja."

Nyayo zikaanza kushuka, ngazi moja baada ya nyingine, mbao zikilia. Nikajibanza nyuma ya Baba. Mlango ukafunguka, akaingia Mama, vumbi limejaa kwenye ushungi wake, macho mekundu. Akakaa. Baba akammiminia chai, na mkono wake ukabaki juu ya mkono wa Mama mpaka chai ikapoa.

Mimi sikumwona Mama; niliona kilichomvaa. Kwa wiki kadhaa nilimkwepa. Shangazi aliwahi kunisimulia kwamba majini hujulikana kwa kwato, basi kila Mama alipotawadha nilimchungulia miguu. Mwishowe akanishika.

"Salma, unatafuta nini miguuni kwangu?"

"Kwato," nikasema.

Akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau, kisha kikageuka kilio, akanipakata pale pale kwenye sakafu yenye maji. "Ni mimi," alisema. "Mama Salma, na Mama Idi pia. Idi ni mdogo wako. Alizaliwa, hakufika nyumbani."

Nilidhani amepotea njia. Kwa muda nikawa nachungulia dirishani kila basi liliposimama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba chumba kile cha juu kilikuwa kimekusudiwa Idi, na kwamba tangu hospitali mpaka jioni ile ya mrija Baba hakuwa amelitaja jina hilo hata mara moja. Na siku nilipopanda mwenyewe kupangusa mdomo wa juu wa ule mrija, niliona una kifuniko kizito cha shaba chenye springi. Hujifunga chenyewe. Sauti haipiti humo kwa bahati mbaya. Lazima mtu akiinue kwa kidole, akishikilie muda wote anaposema. Mama alikuwa amekishikilia jioni zile zote, akijua vizuri kwamba Baba yuko chini, akitaka asikie.