Nilimwambia shoga yangu mashine imemaliza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Shetani ameshabebeshwa mengi, hili nalibeba mwenyewe. Nilimharibia kazi rafiki yangu kwa sababu ya wivu, akalia mbele yangu, nikampa leso yangu ajifute machozi. Hajui mpaka leo.

Nitamwita Mwanakombo, ingawa jina lake silo. Sisi ni wasichana wa Likoni, mtaa mmoja, madrasa moja. Tulikuwa tukinunua doti moja ya leso na kugawana, yeye kipande hiki, mimi kile. Tulipomaliza shule tukaenda pamoja kusomea taipu na kompyuta, wakati huo kompyuta ikiwa bado ni kitu cha watu kuonyeshana kwa mbali.

Mimi nilipata kazi kwanza, Changamwe, kwenye kampuni moja ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Nafasi ya pili ilipotokea, mimi ndiye niliyemwombea kwa meneja. Sisemi hili kwa kujisifu. Nalisema kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitafuna moyoni kila siku: mimi ndiye niliyemtia humu.

Pale ofisini nilikuwa mtu. Mteja akija kuulizia karatasi za kontena lake, nilikuwa nainuka, nafungua kabati, naitoa faili kama niliyekuwa nimeilalia. Makarani wanaume wazima walikuwa wakinisubiri mimi. Walinitania wakaniita mke wa kabati, nami nikajifanya sipendi.

Kisha kampuni ikanunua kompyuta. Kila karani akawekewa yake mezani, zote zikaunganishwa kwa waya uliopita ukutani, na ile kubwa ikapewa chumba chake peke yake. Ukiandika jina la mteja, mashine ilikuwa ikikutafutia karatasi zake kwenye kompyuta zote na kukuletea hapo ulipokaa. Kabati langu likafungwa, likawekwa birika la chai juu yake.

Meneja, Bwana Mutua, mtu wa bara asiye na maneno mengi, alitaka mmoja wetu aiangalie ile mashine kubwa. Mafundi walipokuwa wakiifunga, mimi nilikuwa nikiwapikia chai. Mwanakombo alikuwa akiwauliza maswali, akawauliza mpaka wakamwachia kitabu chao. Basi akachaguliwa yeye. Alipewa kwa majaribio mpaka mwisho wa mwaka, na kazi ikienda vizuri angeandikwa moja kwa moja.

Nanyi mjue kuandikwa kulikuwa na maana gani kwao. Baba yake alikuwa ameacha kazi ya saruji Bamburi kwa ajili ya kifua, na wadogo zake wote walikuwa shuleni. Nyumba nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa maana nilikuwa nikila kwao.

Lakini wivu hauulizi. Chumba cha mashine kilitiwa kiyoyozi, kwa sababu mashine haitaki joto. Sisi wengine tulikuwa tukijipepea kwa mafaili, mwenzetu huko ndani akaanza kuja na sweta. Sweta, Changamwe, mwezi wa Februari. Akitoka kuja kunywa chai alikuwa analivua na kulitundika begani, nami nilikuwa nikitamani kulitia moto.

Halafu kila kitu kikawa Mwanakombo. Karatasi haionekani, muulizeni Mwanakombo. Mteja mkubwa amekuja, mwiteni Mwanakombo amwonyeshe jinsi mashine inavyotafuta. Hata mzee wa chai alikuwa akianza na kikombe chake. Nilikuwa nikicheka naye mchana, na usiku nikigeuka kitandani nikiyahesabu hayo.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Ili ile mashine ipate jina upesi, ilibidi kila wiki ipitie faili zote na kujiwekea kumbukumbu ya kila kitu kilipo. Kazi hiyo ilitaka muda, na kompyuta zote ziwe haziguswi. Mtu akifungua faili hata moja, mashine ilikuwa ikisimama na kuacha kazi njiani, na kumbukumbu ya zamani imeshafutwa. Hapo ukiiuliza jina, inaanza kufungua faili moja moja, kompyuta hii, kisha ile, kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima akimtafuta mpangaji.

Mwanakombo aliipangia kazi hiyo siku ya Ijumaa, mchana. Waislamu walikuwa wanakwenda msikitini, Wakristo wanakwenda kula, na ofisi inakaa kimya kwa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Sisi wawili tulikuwa tukienda kwa shangazi yake Magongo, tunaswali huko na kula pilau. Bwana Mutua hakuwa akikubali watu wasimamishe kazi saa nyingine, hivyo Ijumaa ikipita, imepita.

Ijumaa moja nilibaki. Nilisema nina barua za kupiga kwa taipureta, kumbe sikutaka kumsikia shangazi yake akimsifu. Mwanakombo aliiwasha mashine ifanye kazi yake, akaniambia, "Nitizamie, shoga. Ikimaliza itaandika imemaliza. Usiguse kitu, tafadhali."

Akatokea mteja mlangoni, nami kwa kusahau nikafungua faili yake. Wallahi mara ile ya kwanza nilisahau. Nilipokwenda kule chumbani, skrini imeandika kwamba kazi imekatika, na kwamba nibonyeze kitu chochote kuendelea. Nikabonyeza, maandishi yakaondoka.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Alirudi amenibebea sahani ya pilau, imefunikwa kwa kawa, na nyuma yake Bwana Mutua anaingia akimwambia kwamba wakubwa wa kampuni wamesikia habari zake. Akanigeukia na uso unaong'aa. "Ilimaliza?"

"Ilimaliza," nikasema. Kisha nikala pilau yake.

Jumatatu mashine ikawa nzito. Ukiandika jina, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inatafuta. Makarani wakaanza kunung'unika, na mmoja akauliza kama kabati bado lina ufunguo. Niliposikia hivyo, niseme ukweli, nilihisi raha iliyonishinda kuificha. Ijumaa iliyofuata nikabaki tena, na safari hii sikusahau. Nilifungua faili makusudi, nikalitazama lile neno likitokea kwenye skrini, nikalifuta. Na Ijumaa nyingine, na nyingine.

Maskini Mwanakombo alihangaika. Alipiga magoti chini ya kila meza akifuata waya kwa kidole. Alizibadilisha ncha zake akidhani zimeingia kutu ya chumvi. Alizima kompyuta moja baada ya nyingine aone ni ipi inayoivuta mwenzake nyuma. Aliondoa faili za zamani, akapangusa vumbi, akawaita mafundi kutoka mjini, nao wakasema waya mzima na mashine nzima.

Mara nyingi tulikaa pamoja akinihesabia yote aliyoyajaribu. Akifika penyewe alikuwa akiniuliza, "Na Ijumaa ilimaliza, sivyo?"

"Ilimaliza. Niliiona kwa macho yangu."

"Basi si hapo," alikuwa akisema, na kwenda kutafuta kwengine.

Angekaa Ijumaa moja tu mwenyewe angeliona. Lakini akae kwa nini, na mimi nipo?

Alianza kukonda. Asubuhi kwenye feri alikuwa haongei, anasoma kile kitabu cha mafundi mpaka kurasa zikaanza kubanduka. Siku moja akaniambia, "Shoga, mimi naona si mashine. Naona ni mimi sielewi." Hapo ndipo pa kumwambia. Nilifungua mdomo, nikasema, "Usijali, watu hatulingani."

Kisha likaja la kumaliza. Mteja wetu mkubwa, mfanyabiashara kutoka bara, alifika na lori lake liko langoni mwa bandari, anataka karatasi zake za kutolea mzigo. Mwanakombo akaandika jina. Tukasimama sote nyuma yake. Mashine ikatafuta, ikatafuta, yule mfanyabiashara akakaa, akainuka, akatoka nje, akarudi. Mwisho akasema mzigo wake atampa mwingine amtolee, akaondoka bila kuaga.

Bwana Mutua hakupiga kelele. Alimwambia pale pale mbele yetu, "Mwanakombo, wewe ni msichana mzuri, lakini hii kazi huiwezi. Mwisho wa mwezi tutaachana." Akageuka kwangu. "Wewe pia ulisomea hii. Shika uone."

Yeye ndiye aliyelia, na mimi ndiye niliyempa leso. Njiani alisema jambo moja tu: "Baba n'tamwambia nini?"

Ijumaa ile niliiacha mashine ikafanya kazi yake mpaka mwisho. Jumatatu majina yakawa yanakuja kabla hujaondoa kidole. Ofisi nzima ilinipigia makofi, Bwana Mutua akanipa mkono, na juma lile lile nami nikaanza kwenda na sweta. Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa kwenye baridi ile na kila nilichokitaka, na nilikuwa nikiogopa kutazama skrini.

Jioni moja Mwanakombo akaja nyumbani kwetu. Nilidhani ameshajua. Kumbe amekuja kunipa hongera. Alikaa jamvini, akanywa chai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "N'ambie basi, shoga. Ilikuwa nini? Maana silali."

"Ilikuwa waya," nikamwambia.

"Waya upi?"

"Ule wa nyuma ya kabati."

Akaweka kikombe chini. "Ule mimi niliubadilisha mara mbili," akasema. Kisha akatikisa kichwa na kucheka, cheko la mtu anayejidharau. "Basi sikuubadilisha vizuri. Mimi mambo hayo sina kichwa nayo."

Hakugusa tena kompyuta. Mdogo wake anayemfuata aliacha shule, akaenda kuuza nguo za mitumba Kongowea, na yeye mwenyewe anapika mahamri asubuhi na kuyauza karibu na feri. Mimi ile kazi sikukaa nayo, niliiacha kabla ya mwaka kwisha, nikasema naumwa. Sikuwa nikisema uwongo sana.

Mwaka huu shule moja ya Likoni imepewa kompyuta na inatafuta wa kuwafunza watoto. Nilikimbia kwenda kumwambia, nikidhani hapo nitailipa roho yangu. Alikuwa akigeuza mahamri kwenye mafuta. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nikawapotoshe watoto wa watu?" Kulikuwa na wateja wamesimama, akawaelekeza kwangu kwa mwiko: "Huyu mumwonaye hapa ni shoga yangu. Mashine iliyonishinda mimi, yeye aliitengeneza kwa siku moja. Hodari kweli kweli." Akasema kwa fahari, kama mtu anayemsifu dada yake, na akanikunjia mahamri kwenye gazeti nipeleke nyumbani.

Nyinyi mnaosoma, yuko miongoni mwenu mwenye rafiki aliyempita hatua moja na anamchoma rohoni. Mpe hongera hata kama inakukwama kooni, na ukiona huwezi, kaa mbali naye. Usikae karibu kama nilivyokaa mimi, maana mtu wa karibu ndiye anayeulizwa na ndiye anayeaminiwa. Unaweza kumtoa mtu kazini, akapata nyingine. Mimi nilimtoa kwenye akili yake mwenyewe, na sijui anarudishwaje.

Na wewe, shoga, iwapo gazeti hili litakufikia hata kwa kufungia mahamri: waya uliubadilisha vizuri. Kila ulichokijaribu ulikijaribu sawasawa. Ijumaa mashine haikuwa ikimaliza. Nilikuwa nikiikata mimi, ukiwa Magongo, unaswali.