Vishikio vya Shaba na Posa ya Rukia

Naam, ni mimi. Yule mama wa Malindi aliyeporomoka mbele ya wanaume siku ya posa ya mwanawe ni mimi, msimtafute mwingine, na aibu nilishaipata ikanitosha, kwa hivyo afadhali mkisikie kisa kwangu kuliko kwa dada yangu Mwanaisha, ambaye kila akisimulia huongeza.

Kosa, wanasema, ni vishikio. Miaka ile ya themanini nilitengeneza mlango mpya baina ya sebule na chumba cha ndani, mlango wa vipande viwili vinavyofungukia sebuleni, na fundi Karisa wa Gede akaniletea kitasa cha chuma, cheusi, kibaya, utadhani cha stoo ya makaa. Nikakikataa. Nilikuwa nimeona kwa jirani vishikio vya shaba, virefu, vimenakshiwa maua, ukivisugua kwa ndimu na jivu vinang'aa mpaka unajiona meno (na posa ya Rukia ilikuwa njiani, wageni wakikaa watazame nini, kitasa cha stoo?).

Karisa akasema, "Mama, hivi ni pambo. Havina ulimi, haviushiki mlango. Nikutilie japo komeo kwa ndani."

"Komeo la nini, Karisa? Utanitobolea mbao bure."

Akanitazama, akakaza skrubu zake, akenda zake.

Sasa posa yenyewe. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hivyo wa kuzungumza na washenga alikuwa shemeji yangu Athumani, mtu mwema sana, ila hajui kusema la. Asubuhi nilimkalisha chini nikamwambia, "Shemeji, kijana tunamtaka, lakini Rukia amalize kwanza chuo cha ualimu. Wasipokubali hilo, hakuna posa." Akanijibu, "Ondoa shaka, shemeji." Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Washenga wakaja kutoka Mambrui baada ya alasiri, wakakaa mkekani na shemeji, sisi wanawake tukawa ndani kama ilivyo desturi, na kama ilivyo desturi vilevile nikabandika sikio mlangoni (mama asiyefanya hivyo na anyoshe mkono). Mwanaisha akaja akajibandika mgongoni mwangu, naye si mwembamba. Nikamsikia mzee wa upande wa kijana akisema, "Kuhusu masomo, sisi twaona mke wa mtu hana haja ya kuhangaika na chuo." Kisha sauti ya Athumani, laini kama uji: "Hayo si makubwa, tutaelewana."

Nikasogea nisikie zaidi. Mwanaisha akasogea. Mlango nao ukasogea.

Vipande vyote viwili vikafunguka kwa pamoja, bila hata kulia, nami nikaenda kifudifudi mpaka katikati ya mkeka, ushungi huko, kiatu kimoja huku, mkono wa kulia umezama kwenye sahani ya halwa, na Mwanaisha juu yangu. Wanaume wakainamisha macho kwa heshima, ingawa mmoja mabega yalikuwa yakimtetemeka. Yule mzee akasema taratibu, "Karibu, mama."

Niliona haya, sitawaficha, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi haikupasuka, na Athumani alikuwa keshafungua kinywa akubali, nikaona nikirudi ndani sasa mwanangu ataacha chuo na mimi nitakuwa nimefedheheka bure. Nikajifunika leso, nikakaa kitako palepale.

"Shikamoo, mzee. Nimeshakaribia. Rukia atamaliza ualimu, kisha ndoa. Kama haiwezekani, malizeni kahawa yenu, mwende salama."

Athumani akafunika uso. Wageni wakamaliza kahawa kweli, wakaenda. Mji ukacheka. Rukia akalia siku tatu, akaniambia, "Mama, umeniharibia," na neno hilo liliniuma kuliko kicheko cha mji mzima. Siku ya nne yule mzee akaleta mjumbe: msichana amalize chuo, watangoja.

Akamaliza, akaolewa, akasomesha watoto wa watu miaka mingi.

Hivyo vishikio ningevinunua tena kesho. Nilichoapa ni kimoja, sitasikiliza tena nyuma ya mlango. Wakija kumposa mjukuu wangu nitakuwa mkekani tangu mwanzo, nimevaa nikapendeza, na asiyetaka kuzungumza na mwanamke asibishe hodi.